Nani Aliyeleta Nguo ya Noeli?



Mwezi wa Desemba waijia nchi, na huku kwetu Buha mvua imekwisha kushika. Wakaao katika milima ya Kasulu na ya Kibondo waijua vema hali ya mwezi huu. Mvua iliyoanza Oktoba au Novemba haitakoma mpaka Aprili au Mei. Njia zimekuwa tope, mahindi shambani yangali machanga, maharagwe yapaliliwa, na ghala zimepungua. Ni mwezi wa jembe, tena ni mwezi wa kula kwa kipimo. Na katikati ya upungufu huo ndipo ijapo sikukuu kubwa ya furaha, Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana wetu, ambayo wengine huiita Krismasi, na sisi tulio jirani wa Burundi na Kongo twapenda kuiita Noeli.

Leo nataka tufikiri pamoja juu ya jambo lililo dogo kwa macho, walakini si dogo kwa maana. Ni ile nguo mpya avikwayo mtoto siku ya Noeli. Msomaji asicheke akisema, Je, hakuna mambo makubwa zaidi ya imani ya kuandikiwa? Yapo. Lakini mtoto mdogo hajui bado kusoma mambo makubwa. Yeye hujifunza imani kwa yale avaayo, alayo na ayaonayo nyumbani kwa baba yake. Basi tukitaka kujua tumemfundisha nini juu ya Mungu, hatuna budi kuitazama nguo yake.

Desturi ya nyumba zetu mwaijua. Juma moja kabla ya sikukuu mama huchimba udongo na kuipaka nyumba upya, nje na ndani. Watoto hutumwa kukata majani ya migomba na kuchuma maua ya kulipamba kanisa. Jioni husikika sauti za waimbaji wakijifunza nyimbo, na wadogo walio nyumbani huzishika mbele ya wakubwa wao. Usiku wa tarehe 24 hakuna mtoto atakaye kulala. Asubuhi huoga kwa sabuni, hupakwa mafuta, huvikwa nguo mpya, nao huenda kanisani wakichagua pa kukanyaga ili tope lisiwarukie. Wakirudi kuna wali, ambao katika nyumba nyingi za kwetu si chakula cha kila siku, maana kila siku ni ugali wa mahindi au wa muhogo. Tena kuna nyama. Wakiisha kula huenda nyumba kwa nyumba kuwaamkia wazee, na kwa kweli huenda ili waonekane.

Mimi siichukii desturi hii. Nalilelewa ndani yake, nikawalea watoto wangu ndani yake. Wazee wetu walitusimulia siku za kabla ya uhuru wa mwaka 1961, wakati wanaume wengi wa Buha walipokwenda mbali hata Tanga kukata mkonge, wakakaa huko miezi mingi. Mwanamume aliyerudi na kitambaa kwa mkewe na kaptura kwa mwanawe alikuwa kana kwamba asema, Sikuwasahau. Nguo ilikuwa neno la baba aliyekuwa mbali. Basi nguo mpya si upuzi. Lakini neno lolote laweza kusemwa vibaya, na mimi nalilisema vibaya. Nitawaeleza jinsi ilivyokuwa.

Yapata miaka thelathini iliyopita watoto wangu walikuwa watatu, nao wote wadogo. Binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka sita. Mwaka ule mvua ilichelewa, na mwezi wa Desemba sikuwa na fedha. Nikaona haya. Baba asiye na kitu siku ya sikukuu huiona nyumba yake mwenyewe kuwa ndogo, naye huogopa macho ya watoto wake kuliko macho ya watu wote. Nikamwendea mfanya biashara mmoja, nikamwuzia maharagwe yangu yangali maua shambani, kwa bei aliyoitaka yeye. Nikanunua gauni moja na kaptura mbili. Tena, ili furaha ya watoto izidi, mke wangu na mimi tukawaambia kwamba Mtoto Yesu ndiye aliyewaletea usiku. Twalidhani ya kuwa ni neno zuri. Twalidhani ya kuwa watampenda Bwana kwa ajili ya nguo.

Asubuhi tukaenda kanisani. Mlangoni, chini ya ukingo wa bati, alikuwa amesimama mtoto wa jirani yetu, rika la binti yangu, ambaye kila siku walikwenda kisimani pamoja. Mama yake alikuwa mjane. Mtoto yule alikuwa amevaa nguo yake ya kila siku iliyofuliwa, nayo ilikuwa imechanika begani. Watoto waliokuwa ndani walikuwa na nguo mpya, nao walipangwa mbele ili waimbe. Yeye hakuingia. Mvua ikawa inamrushia matone miguuni.

Binti yangu akanivuta mkono. “Baba, mbona yeye haingii?”

Nikamjibu, “Pengine amngojea mama yake.”

“Sivyo, baba. Hana nguo.” Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Baba, Mtoto Yesu hampendi yeye?”

Ndugu zangu, mimi nalikuwa mzee wa kanisa. Nalijua Katekisimo kwa moyo. Sikuwa na jibu hata moja. Mchungaji alikuwa akisoma habari ya Mariamu na Yusufu, jinsi walivyokosa nafasi katika nyumba ya wageni, na mimi nalikuwa nikiutazama mlango wetu. Ibada ilipokwisha, mtoto yule alikuwa amekwisha kwenda zake. Mwaka uliofuata mama yake hakuwaleta watoto siku ya Noeli, wala mwaka wa pili. Siku za Jumapili nyingine walikuja; siku ya furaha kuu hawakuja.

Tangu siku ile nimekuwa nikilichunguza swali la binti yangu. Naona ndani yake mna maswali matatu, na yafaa kuyatenga. La kwanza: Je, ni vema kuwafurahisha watoto kwa vitu siku ya Noeli? La pili: Nina deni gani kwa mtoto asiye wangu? La tatu: Je, ni halali kumwambia mtoto neno lisilo kweli kwa ajili ya furaha yake?

Tuanze na la kwanza. Wako wasemao, Dawa ni rahisi: ziondoeni nguo, uondoeni wali, iacheni ibada peke yake. Shauri hili si geni. Katika nchi ya Massachusetts, ambayo leo ni sehemu ya Marekani, watawala waliokuwa Wakristo wakali walitoa sheria mwaka 1659 ya kumtoza faini ya shilingi tano mtu aonekanaye akiadhimisha Noeli. Walisema ya kuwa sikukuu imejaa ulafi na ulevi, wala hatukuagizwa katika Maandiko kuishika. Sheria ile ilifutwa mwaka 1681. Walikuwa na haki katika neno moja: hatukuagizwa tarehe. Kumbukumbu ya kale ya mji wa Roma yaonyesha ya kuwa tarehe 25 Desemba ilikuwa imekwisha kuadhimishwa huko mwaka 336, yaani zaidi ya miaka mia tatu baada ya kuzaliwa Bwana. Sikukuu ni kazi ya kanisa, na kazi ya kanisa yaweza kutengenezwa au kuharibiwa.

Walakini kuondoa furaha si kuitakasa. Msomaji na akumbuke habari za Hana katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Mwanamke yule alimtoa mwanawe kwa Bwana angali mdogo, na kila mwaka, alipopanda na mumewe kutoa dhabihu, alimchukulia kanzu ndogo aliyomshonea. Kila mwaka, kwenye sikukuu, nguo mpya. Hatusomi kwamba kuhani Eli alimkemea. Naye Martin Luther, aliyemwoa Katharina von Bora mwaka 1525 akapata kwake watoto sita, hakuiweka imani kanisani peke yake. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 aliandika kwamba ni kazi ya baba wa nyumba kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa maneno mepesi. Na wimbo wake mmoja wa Noeli, uliochapwa mwaka 1535, husemwa ya kuwa aliutunga kwa ajili ya watoto wake mwenyewe. Mtu aliyepigana na wakuu wa dunia aliona si aibu kuketi na kuwatungia watoto wimbo. Basi swali la kwanza nalijibu hivi: ndiyo, ni vema. Mtoto ana mwili, na Bwana wetu mwenyewe alikuja katika mwili, akavikwa nguo za kitoto na mikono ya mama yake.

Sasa la pili, lililo gumu zaidi. Baba aweza kusema, Watoto wangu ndio niliopewa. Mtume ameandika ya kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Siwezi kuwavika watoto wa kijiji kizima. Ikiwa jirani hana, si mimi niliyemnyima.

Neno hili lina haki ndani yake, nami silidharau. Mungu hakutupa watoto wote wa dunia tuwalee kwa mikono miwili. Mtoto ahitaji mtu mmoja ampendaye kuliko wengine, na baba apendaye wote sawasawa labda hampendi hata mmoja. Lakini yatupasa kupambanua mambo mawili yanayofanana kwa sura. Moja ni kumtunza mtoto wangu. La pili ni kumwinua mtoto wangu juu ya mwingine. Yote mawili hununuliwa dukani kwa fedha ile ile, wala mwenye duka hajui tofauti.

Nimeipata njia moja ya kuyapambanua, nayo ni kujiuliza hivi: Kama mtoto wa jirani angevaa leo gauni kama hili hili, furaha yangu ingezidi au ingepungua? Ikiwa ingezidi, au hata ikikaa vile vile, basi nalimnunulia mtoto wangu nguo. Ikiwa ingepungua, basi sikununua nguo, nalinunua tofauti. Nalinunua kule kuonekana kwake mbele ya yule asiyeonekana. Na bidhaa hiyo haipatikani bila mtoto mwingine kuilipa.

Yakobo babaye Yusufu alimpenda mwanawe kwa haki ya baba. Lakini alimshonea kanzu ambayo ndugu zake hawakuwa nayo, nao wakaiona kila siku, na kanzu ile ikaishia kuchovywa katika damu ya mbuzi. Mtume Yakobo naye, yule mwenye waraka, alionya juu ya mkutano wa Wakristo ambamo mwenye mavazi mazuri huambiwa, Keti hapa, na maskini huambiwa, Simama pale. Sisi hatukumwambia mtoto wa mjane, Simama pale. Hakuna aliyemwambia. Lakini tuliwapanga mbele wenye nguo mpya, na nguo zikasema kwa niaba yetu. Na Paulo aliwakemea Wakorintho si kwa sababu walikula, bali kwa sababu walikula mbele ya wenye njaa, wakawatahayarisha wasio na kitu. Kosa halikuwa chakula. Kosa lilikuwa aibu waliyoipakua pamoja nacho.

Basi nina deni gani? Sina deni la kuwavika wote. Nina deni la kutoigeuza furaha ya nyumba yangu kuwa huzuni ya nyumba iliyo karibu. Tena nina deni la mlango mmoja, ule ulio jirani, ambao moshi wake nauona. Nehemia aliwaagiza watu siku ya furaha wale vinono na kunywa vitamu, kisha wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Hakusema, Msile. Alisema, Kuleni, mkapeleke. Na katika Kumbukumbu la Torati, watu waagizwapo kufurahi katika sikukuu, watajwa mwana na binti, mtumwa na mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mwana na binti watajwa kwanza. Lakini orodha haikomi kwao.

Katika orodha hiyo mgeni ametajwa, nasi watu wa Kasulu na Kibondo hatuwezi kulipita neno hilo upesi. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika wilaya ya Kasulu kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya mashariki ya Kongo. Mwaka 2015 Warundi wengi walivuka tena mpaka, na kambi ya Nduta katika wilaya ya Kibondo ikafunguliwa upya kwa ajili yao. Wengi wao lugha yao na Kiha chetu husikilizana kama ndugu wawili wa mama mmoja. Wazee wa sharika wakumbuka kwamba kazi ya Walutheri ya kuwasaidia wakimbizi katika nchi hii, iitwayo TCRS, ilianza mwaka 1964. Watoto wengi wamezaliwa chini ya maturubai katika wilaya zetu, wameiona Noeli yao ya kwanza huko, na nyimbo wanazoziimba ni zile zile. Naye Mtoto tumwadhimishaye alichukuliwa usiku hata Misri, kwa sababu mfalme alitaka kumwua. Kama tungeulizwa ni nani katika Buha aliyefanana naye kwa hali, tusingemwonyesha mtoto mwenye kaptura mpya.

Hapa yafaa niseme neno juu ya deni jingine, la fedha. Wahenga walisema, Kukopa harusi, kulipa matanga. Maharagwe niliyoyauza yakiwa maua yalipokomaa, nalimpelekea mwenyewe gunia kwa gunia, na watoto walisimama wakitazama chakula chao kikienda. Januari shule ilipofunguliwa sikuwa na fedha ya madaftari. Siku hizi ada ya shule za msingi za serikali imefutwa, na tangu mwaka 2016 hata ya sekondari mpaka kidato cha nne. Walakini sare na madaftari bado ni juu ya mzazi, na Januari huja juma moja tu baada ya Noeli. Basi nani aliyelilipa gauni lile? Si mimi. Binti yangu mwenyewe alililipa, aliporudishwa nyumbani kwa kukosa madaftari. Nalimpa zawadi kwa mkono wa kuume, nikamtoza bei kwa mkono wa kushoto, na yeye hakujua kuhesabu. Siwahukumu akina baba wakopao. Najua haya iwasukumayo, maana ilinisukuma mimi. Lakini haya hiyo ni yetu, si ya watoto. Tuichukue wenyewe, tusiwatwike.

Nalikuja kujifunza kwamba mtoto huikumbuka sikukuu kwa mambo ambayo hayana bei. Binti yangu sasa ana watoto wake. Nalimwuliza siku moja aniambie anakumbuka nini cha Noeli za utoto wake. Alitaja harufu ya udongo mbichi ukutani. Alitaja kuruhusiwa kukesha. Alitaja siku nilipowasimulia habari ya wachungaji kwa Kiha, nikiziiga sauti za kondoo. Gauni hakulitaja, alimtaja yule aliyesimama mlangoni.

Sasa tulifikie swali la tatu. Twalimwambia mtoto kwamba Yesu ndiye aliyeleta nguo. Wako wasemao, Huo si uongo, kwa kuwa kila kitu chema chatoka kwa Mungu. Nalijitetea hivyo mimi pia. Lakini angalieni mtoto alivyolitumia neno letu. Alifikiri sawasawa kabisa, kuliko sisi. Ikiwa Yesu ndiye agawaye nguo, na mmoja amepewa na mwingine amenyimwa, basi Yesu ampenda mmoja na hampendi mwingine. Kosa halikuwa katika fikira yake, lilikuwa katika neno tulilomwekea awe msingi. Tuliichukua mifuko yetu, iliyo na kitu au iliyo mitupu, tukaiita neema ya Mungu. Na mtoto wa tajiri alelewaye katika neno hilo atajifunza ya kuwa Mungu yu upande wake. Mtoto wa maskini atajifunza ya kuwa Mungu amempita mlangoni. Yote mawili ni kinyume cha Injili, maana habari njema ililetwa kwanza kwa wachungaji waliokesha kondeni, na Mariamu alipokwenda hekaluni alitoa ndege wawili, sadaka ya wasioweza kupata mwana-kondoo.

Mtu aweza kuuliza, Je, si vema mtoaji ajifiche? Bwana hakusema kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume? Ni kweli. Husimuliwa habari za Nikolao, askofu wa Myra katika nchi iitwayo leo Uturuki, aliyeishi katika karne ya nne. Wasema ya kuwa jirani yake alikuwa na binti watatu, wala hakuwa na mali ya kuwaoza, na Nikolao akamtupia fedha usiku ili asijulikane. Kutoka kwa jina lake, baada ya karne nyingi, alitokea yule mzee mwenye ndevu nyeupe wa madukani, ambaye watoto wa mjini humwita Baba Krismasi. Lakini tazameni jinsi hadithi ilivyogeuzwa. Nikolao aliwapa watoto wa mwingine. Sisi twawapa wetu. Yeye alijificha ili asimwaibishe apokeaye. Sisi twamficha mtoaji kisha twamwonyesha apokeaye kwa watu wote. Kuficha jina la mtoaji na kusema uongo juu ya mtoaji ni mambo mawili. La kwanza humlinda maskini. La pili humsingizia Mungu.

Basi tuwaambie watoto kweli, kwa kuwa kweli yenyewe ni nzuri. Tuwaambie: Nguo hii tumekununulia sisi, baba yako na mama yako, kwa kuwa twakupenda, na mwaka huu tuliweza. Mwaka mwingine labda hatutaweza, wala upendo hautapungua. Zawadi ya Mungu ni Mwanawe, naye amepewa wewe na rafiki yako na watu wote, wala hakuna aliyepewa kipande. Mtoto wa miaka sita aelewa maneno haya. Ni sisi wazazi tusiyoyaelewa upesi.

Nimalize kwa kuwaeleza lililotokea baadaye, maana sikutaka kuandika makosa tu. Mwaka wa tatu mke wangu alisema, “Baba wa watoto, tusipike kabla ya kupeleka.” Usiku wa tarehe 24 akapima mchele, akatenga sehemu, na nyama kidogo, akamtuma binti yetu baada ya giza kuingia, bila mtu kuona. Mimi nalihofu. Nalijua ya kuwa mjane yule ana moyo wa heshima, nikadhani atakataa. Hakukataa. Asubuhi mapema mtoto wake alikuja na bakuli letu, wala halikuwa tupu. Mama yake alikuwa amekwenda msituni katika mvua akachuma uyoga, ule wa mwezi wa Desemba ambao watu wa kwetu huupenda kuliko nyama, naye alikuwa amelijaza bakuli hata ukingoni.

Ndipo nilipofahamu lile nisilolijua miaka yote. Nalikuwa nimejiuliza nitampa nini maskini. Sikujiuliza kamwe nitapokea nini kwake. Mtu apokeaye siku zote, wala hapewi nafasi ya kutoa, amebaki nje ya mlango hata akiwa amekaa mezani. Bakuli lile lilipokwenda na kurudi, nyumba mbili zikawa na Noeli moja. Mchana ule watoto wote sita walikula pamoja, wali wetu na uyoga wao, na siku ile walikwenda kanisani pamoja, wengine katika nguo mpya na wengine katika zilizofuliwa. Kuanzia mwaka ule mke wangu na mimi tulinunua sare ya shule mwezi wa Desemba, ikawa ndiyo nguo ya Noeli, kwa kuwa sare haimpambanui mtoto na mwenzake, na Januari huikuta nyumba tayari. Mdogo wetu alinung'unika mwaka wa kwanza, wala sikumlaumu, maana mtoto hupenda ua kuliko jani. Si kila jambo jema hupendeza siku ile ile.

Kwenu waalimu nina maombi mawili madogo. Mpangapo watoto waimbe siku ya Noeli, msiwapange kwa nguo. Wapangeni kwa kimo au kwa sauti, na mlangoni awekwe mtu mzima mwenye moyo mwema, ambaye kazi yake ni kumwona asimamaye nje na kumshika mkono. Na mfundishapo habari ya mamajusi, msisahau ya kuwa wenye mali ndio waliosafiri kwenda kwa mtoto maskini, nao walipiga magoti.

Kwenu akina baba na mama, nawaachia swali la binti yangu. Msilijibu upesi. Likeni nanyi mezani mwenu, na mpimapo mchele wa sikukuu, jiulizeni ni moshi wa nyumba gani msiouona mwaka huu.

Mungu aliyempa kila mtoto Mwanawe mmoja azilinde nyumba zenu. Amina.